Gauni la Bi Ottavia

Kitu cha kwanza kumpokea Inspekta Leokadia katika stoo ile kilikuwa harufu ya siki. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara ya pili, kisha akachuchumaa mbele ya kufuli na kulimulika kwa tochi ya simu.

"Halina hata mkwaruzo," alisema.

"Halikuvunjwa," alijibu Mzee Maulid nyuma yake. "Jana filamu ilipokwisha nilikuja kuchukua mwavuli wangu. Nikatia ufunguo, kufuli likafunguka kama siku zote. Rafu ndiyo nikaikuta tupu."

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mvua ya mwezi Mei imetoka kukatika. Stoo ilikuwa nyuma ya ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, jirani na masoko ya nguo ya Shahe. Kiwanda chenyewe kilishahamishiwa nje ya jiji kupisha maghorofa. Ukumbi ukabaki wa kukodisha: harusi, mikutano, na kila Jumamosi alasiri Klabu ya Filamu ya Watanzania wa Guangzhou.

Mzee Maulid ndiye aliyeianzisha klabu hiyo. Alikuwa mfanyabiashara wa Unguja aliyenunua magauni mtaa wa Shisanhang na kuyasafirisha nyumbani, mtu wa suti nyepesi na kofia ya viua, ile ya kudariziwa kwa mkono. Ujana wake aliumalizia kwenye majumba ya sinema ya Dar es Salaam akitazama filamu za Kitaliano za miaka ya sitini: zile za mauaji na mapenzi, za wajane wenye glovu ndefu, za vivuli vya dirisha vinavyomlalia mwanamke begani, na za muuaji ambaye kamera hukuonyesha viatu vyake tu. Sinema moja ilipofungwa, yeye alinunua filamu mbili zilizosahaulika ndani. Ya kwanza, *Ngazi ya Bi Ottavia*, ilikuwa ya rangi na ilikuwa na jina duniani. Ya pili, *Glovu za Kijivu*, ilikuwa habari nyingine. Nakala zake zote zilizojulikana ziliteketea kwa moto huko Roma, na hakuna aliyeiona tangu wakati huo. Mtaalamu wa kuhifadhi filamu alikuwa anatua kesho yake kutoka Italia, kuja kuiona hiyo moja iliyobaki.

Na jana, watu wakiwa wameketi ukumbini wakitazama ile ya kwanza, mtu aliingia stoo akachukua makopo yote sita ya ile ya pili.

"Funguo ziko ngapi?" aliuliza Leokadia.

"Mbili. Huu wangu. Wa pili anao Kassian."

Kassian alikuwa mwanafunzi wa uhandisi kutoka Songea, na ndiye aliyeendesha projekta. Jana jioni walinzi wa chuo walipigiwa simu na mtu asiyejitaja. Wakaenda bwenini kwake, wakainua godoro, wakachungulia chini ya kitanda. Wakatoka na mfuniko wa bati, mfuniko wa kopo la filamu. Bwana Liang, mkuu wa ulinzi wa chuo, alikuwa ameshaandaa barua ya kumfutia ufadhili na kumrudisha nyumbani. Alichokubali ni kusubiri mpaka jioni hii kabla ya kutia saini, kwa sababu Leokadia alimwomba. Leokadia alikuwa mpelelezi wa polisi kutoka Dar es Salaam, yuko chuoni hapo hapo kusomea shahada ya uzamili ya sheria.

"Unaamini ni Kassian?"

Mzee Maulid alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. "Miye ningekuwa naamini, nisingekuita weye."

"Huo ufunguo wako hulala wapi?"

"Dukani, juu ya meza. Nikiuweka mfukoni hunitoboa suti."

"Na hapo mezani hukaa nani?"

"Wauzaji, wapagazi, wateja wa nyumbani. Na mkalimani wangu, Godson."

Leokadia alipitisha kidole kwenye rafu. Vumbi lilikuwa limechorwa maduara sita, safi kabisa. Alinusa kidole.

"Mzee, hii siki ni ya nini?"

"Filamu kuukuu hunuka hivyo, mwanangu. Huo ndio uzee wake."

* * *

Godson alimsubiri kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu kule Xiaobei, meza ya ndani kabisa. Alipomwona aliinuka, akamvutia kiti.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa, hii siyo kesi."

Alikuwa kijana wa Moshi, anasomea udaktari wa falsafa, shati jeupe limepigwa pasi. Alikuwa katibu wa klabu. Kichina chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba wafanyabiashara walimgombania sokoni, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilimwita kila palipotokea shida.

"Jana ulikaa wapi?"

"Mstari wa nyuma, karibu na mlango. Mimi ndiye niliyesimama mbele kuielezea filamu kabla haijaanza. Watu wote waliniona. Ilipokwisha nikawa wa kwanza kupiga makofi."

"Hukutoka katikati?"

Godson alitabasamu. "Katikati ya filamu ile? Afande, wewe hukuwepo, ndiyo maana unauliza."

"Nisimulie basi."

Aliweka vijiti vyake kando ya bakuli. Alianza kusimulia, na Leokadia aliona kwamba kijana huyu alizipenda filamu hizi kwa dhati.

"Inaanza nyeusi na nyeupe. Mazishi. Mume anazikwa kwenye mvua, mjane hatoi chozi. Unasema, haya, huyu ndiye aliyemuua. Kisha anarudi nyumbani, anafungua dirisha, na hapo ndipo rangi inaingia. Yaani mwanamke anapobaki peke yake ndipo dunia inapata rangi. Halafu ile ngazi. Bi Ottavia anashuka na lile gauni la kijani, kijani kibichi kama jani la mgomba, na nyuma yake ukuta wa bluu. Shemeji yake yuko chini, anamtazama. Hazungumzi mtu. Anavua glovu moja, kidole kwa kidole, basi. Hakuna kingine kilichovuliwa. Lakini ukumbi mzima ulishika pumzi. Wale Wataliano walijua kwamba aibu na hofu hukaa chumba kimoja."

"Na hakuna kilichoharibika?"

"Kiliharibika. Mkanda ulikatika palepale kwenye ngazi. Pazia likawa jeupe, watu wakapiga miluzi. Ilichukua muda mrefu kuwaka tena." Alishusha sauti. "Sipendi kusema, dada, lakini muda huo Kassian alikuwa wapi? Sisi tulikuwa tunatazama kitambaa cheupe."

Leokadia aliitikia kwa kichwa taratibu. Hilo alikuwa ameshaambiwa na watu wanne asubuhi hiyo.

"Picha yenyewe ilikuwaje? Ni nakala ya zamani."

"Kama imepigwa jana. Mzee Maulid aliitunza vizuri."

"Ulikuwa umeshaiona kabla?"

"Ningeiona wapi?"

"Diski zinauzwa kila kona ya mji huu."

"Mimi sitazami filamu kwenye diski," alisema Godson, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Filamu kama ile uione ukumbini, la sivyo usiione kabisa. Jana ndiyo mara yangu ya kwanza."

Leokadia alimshukuru, akalipia chai yake, akatoka.

* * *

Kassian alikuwa amewekwa katika chumba kidogo kando ya ofisi ya walinzi. Alipoinuka kumsalimia, harufu ya siki ilitoka kwenye shati lake. Mlinzi aliyekaa mlangoni alikunja pua na kumtazama Leokadia kana kwamba anasema: unaona?

"Wanasema harufu hii ni ushahidi," alisema Kassian. "Mimi nashika filamu kila wiki. Hata mto wangu unanuka hivi."

"Pazia lilipokuwa jeupe ulikuwa wapi?"

"Chumba cha projekta. Mkanda ulikatika, nikauunga."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Nilitoa kichwa dirishani nikawaomba watu wavumilie. Waliniona kichwa tu."

"Mfuniko ulifikaje chini ya kitanda chako?"

"Sijui, afande. Bweni letu halifungwi mchana. Wenzangu wanaingia na kutoka, na wageni wao." Akaketi tena. "Kama ningekuwa nimeiba makopo sita, ningeweka mfuniko mmoja kitandani kwangu ili iweje?"

Hoja ilikuwa nzuri, lakini hoja peke yake haifuti barua. Leokadia alitoka, akagonga mlango wa Bwana Liang. Mwanamama wa ofisini aliyejua Kiingereza aliwasaidia. Leokadia aliomba kitu kimoja tu: Kassian apelekwe ukumbini, na mlinzi, akamwonyeshe filamu ya jana.

Bwana Liang, mtu mnene mwenye nywele fupi, alimtazama muda mrefu. Kisha akajibu, na mwanamama akatafsiri: "Anauliza kama unakwenda kupeleleza au kustarehe."

"Mwambie nitamjulisha nikirudi."

* * *

Ukumbini walikuwa wanne: Leokadia, Mzee Maulid, mlinzi, na Kassian juu katika chumba cha projekta. Kabla ya kuwasha, Kassian alimwonyesha Leokadia kiungo. Kilikuwa cha gundi mpya, kimepangwa tundu kwa tundu bila kosa.

"Kazi hii huwezi kuifanya kwa haraka," alisema Leokadia.

"Na huwezi kuifanya ukiwa stoo," alisema Kassian. Akafungua droo, akatoa kipande kifupi cha mkanda. "Hivi ndivyo vipicha vilivyochanika. Nilivikata."

Leokadia alikitia ndani ya pochi bila kukitazama sana, akateremka kukaa kando ya Mzee Maulid.

Taa zilizimwa. Mazishi yalianza, mvua ikinyesha nyeusi juu ya miavuli meusi. Leokadia hakuwa mpenzi wa sinema, lakini alijikuta ameinama mbele. Kila aliyesimama kaburini alikuwa na sababu ya kutazama pembeni. Kinanda kilipigwa noti mojamoja, kama mtu anayejaribu milango ya nyumba isiyo yake. Halafu mjane akafungua dirisha, na rangi ikaingia.

Leokadia alikunja uso.

Kila kitu kilikuwa chekundu. Ukuta ulikuwa wa waridi, anga la waridi, miti kahawia kama majani ya chai. Dunia nzima ya Bi Ottavia ilikuwa imetumbukizwa ndani ya juisi ya rozela.

"Mzee, hii projekta ina kasoro?"

"Laiti ingekuwa projekta." Mzee Maulid alishusha pumzi. "Nilipoiona ujanani ilikuwa na rangi zote. Niliingia kwa hila, mlangoni wameandika watu wazima tu, nami nimechora masharubu kwa wanja wa dada yangu. Jana ilipowaka hivi roho iliniuma. Baada ya muda mfupi macho yakazoea, nikasahau."

Kassian alisikia, akaongea kutoka dirishani kwake. "Ni kemikali, afande. Filamu za rangi za miaka ile, bluu na kijani hufa kwanza. Nyekundu ndiyo hubaki. Juzi nilijaribu mkanda wa mwanzo tu, nikasikiliza sauti, nikazima kabla ya dirisha. Hata mimi niliishtukia jana, pamoja na watu wote."

Filamu ilifika kwenye ngazi. Bi Ottavia alianza kushuka, mkono juu ya ukingo wa ngazi, shemeji yake chini amesimama gizani. Gauni lake lilikuwa la rangi ya damu iliyokauka.

Leokadia aliinuka.

"Zima," alisema.

"Bado glovu," alisema Mzee Maulid.

"Glovu tutaiona kesho. Mzee, asubuhi hii nimezungumza na watu wanne waliokuwepo humu jana. Wote wamenisimulia kukatika kwa mkanda. Hakuna hata mmoja aliyenitajia wekundu huu. Unajua kwa nini? Mtu akirudi nyumbani husimulia kilichomkera. Kile alichokwisha kukizoea hakisimulii. Kwa hiyo asiyekuwepo humu angeweza kuambiwa habari za mkanda kukatika, lakini habari za rangi asingeambiwa na yeyote."

"Nani hakuwepo?"

"Aliyenielezea gauni la kijani na ukuta wa bluu, akaapa hajawahi kuitazama kwenye diski. Alikaa mazishi yakipita, wakati kila kitu ni cheusi na cheupe, akatoka kabla dirisha halijafunguliwa. Alirudi kupiga makofi."

Mzee Maulid aligeuka kuutazama mstari wa nyuma. Aliivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Ufunguo nilimwachia yeye mwenyewe juu ya meza," alisema hatimaye. "Kila siku."

"Mizigo anayokushughulikia iko wapi sasa?"

"Ghala la Shahe, mtaa wa pili. Marobota ya magauni. Kesho asubuhi yanakwenda bandarini Huangpu."

"Nani anayasimamia?"

"Godson," alisema Mzee Maulid, na akaivaa kofia.

* * *

Shahe ilikuwa imejaa. Vitoroli vilipita pande zote vimebeba mafurushi makubwa kuliko wasukumaji wake, na Leokadia alielewa jinsi makopo sita yalivyovuka mtaa mchana kweupe. Mahali hapa mtu asiyesukuma mzigo ndiye anayeshangaza watu.

Mwenye ghala, mama mmoja aliyeitwa na kila mtu laoban, yaani bosi, alikuwa anakula mbegu za alizeti mlangoni. Kassian alimuuliza kwa Kichina kama kuna mtu aliyeleta mzigo wa ziada jana.

"Mei you," alisema, hakuna, bila kuinua macho.

"Mwambie sitaki mzigo wa mtu," alisema Mzee Maulid. "Nataka kutazama wangu. Alama yangu ni nyota ya kijani na herufi M."

Hilo laoban hakuweza kulikataa. Aliwaongoza mpaka ukutani, palipopangwa marobota kumi na mawili yaliyofungwa kwa kamba za nailoni. Mlinzi wa chuo aliwafuata, mikono mfukoni.

Mzee Maulid alitoa kisu cha kukatia kamba, akaangalia huku na huku. "Tuyafungue yote?"

"Hapana," alisema Leokadia.

Alipita taratibu kando ya marobota, ameinamisha uso. Nguo mpya zina harufu yake, ya gundi na rangi na mafuta ya cherehani. Alilipita la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nane alisimama, akarudi nyuma hatua moja, akanusa tena. Mlinzi naye akasogea, akainamisha pua, na macho yake yakapanuka. Alisema neno moja la Kichina.

"Amesema siki," alitafsiri Kassian.

Kamba ilikatwa. Juu palikuwa na magauni ya watoto, tabaka tatu. Chini ya magauni, makopo ya bati yalikuwa yamelala mawili mawili kama sahani kabatini. Mzee Maulid aliyahesabu kwa kuyagusa. La mwisho lilikuwa limefungwa kwa mfuko wa plastiki, kwa kuwa halikuwa na mfuniko.

"Ameyaficha ndani ya mzigo wangu mwenyewe," alisema. "Nani angekwenda kumpekua aliyeibiwa?"

Kassian alikuwa amepiga magoti sakafuni, mkono juu ya makopo. Machozi yalimtoka, na mlinzi aliyekuwa akimkunjia pua tangu asubuhi alimpa karatasi laini ya kufutia uso.

* * *

Safari hii Bwana Liang alitaka mkalimani wa Kiswahili, na mkalimani wa Kiswahili wa ofisi alikuwa Godson. Leokadia hakupinga. Aliomba tu Kassian naye awepo chumbani.

Godson alifika na shati lingine jeupe, akaamkia, akaketi katikati ya meza. Makopo hayakuonekana popote. Yalikuwa chumba cha pili na Mzee Maulid.

"Mwambie Bwana Liang nimemaliza," alianza Leokadia. "Aliyeiba alikuwa na nakala ya ufunguo wa Mzee Maulid."

Godson alitafsiri.

"Mtu huyu anajua Kichina vizuri. Aliwapigia walinzi simu ili waupate mfuniko alioutupa mwenyewe bwenini."

Godson alitafsiri, polepole zaidi kidogo.

"Mtu huyu alionekana ukumbini mwanzo wa filamu na mwisho wake. Katikati hakuwepo."

Godson alizungumza. Kassian aliinua kichwa. "Hapana. Amesema kwamba watu wengi walikuwa wanatoka na kuingia. Afande hakusema hivyo." Akairudia sentensi kwa Kichina kama ilivyokuwa.

Bwana Liang aliacha kuchezea kalamu. Alimtazama Godson, kisha akampa Leokadia ishara ya mkono: endelea.

"Godson, mwambie Bwana Liang gauni la Bi Ottavia lilikuwa la rangi gani pale kwenye ngazi."

"Hili nalo lina maana gani, afande?"

"Mwambie tu."

Alisita, kisha akasema. Kassian aliitikia kwa kichwa kuthibitisha: ametaja kijani.

Leokadia alifungua pochi, akatoa kile kipande cha mkanda, akazunguka meza na kukishika mbele ya dirisha. Bwana Liang aliinuka, akafumba jicho moja. Alitazama vipicha vile vidogo kimoja baada ya kimoja: mwanamke kwenye ngazi, gauni jekundu, ukuta mwekundu, kila kitu chekundu. Alimwita mlinzi, naye akatazama. Kisha wakamgeukia Godson wote wawili.

Godson alinyoosha mkono, akakipokea kipande. Alikiinua kwenye mwanga. Uso wake ulibadilika, lakini Leokadia aliona kwamba kabla ya hofu ulipitiwa na huzuni, huzuni ya mtu aliyekuta picha aliyoipenda imeharibika.

"Sikujua," alisema kwa sauti ndogo. "Kwenye diski ni nzuri mno."

Hakuna aliyelazimika kutafsiri. Mlango wa pili ulifunguliwa, Mzee Maulid akasimama kizingitini, na nyuma yake mezani makopo sita.

"Kuna mtu Hong Kong," alisema Godson. "Anakusanya filamu zisizopatikana. Aliniahidi angenipa kazi kwake, nisirudi tena kubeba magauni ya watu. Na mimi nilikuwa naona, mzee, filamu ile imekaa kwenye stoo yenye unyevu, inakufa."

"Ungeniambia inakufa," alisema Mzee Maulid. "Tungeihangaikia pamoja. Badala yake ukamtafutia mwenzio barua ya kufukuzwa."

Godson aliinamisha uso, akakirudisha kipande mezani.

Bwana Liang alifungua droo, akatoa barua yenye jina la Kassian, akaichana mara mbili. Alizunguka meza, akampa Kassian mkono, na kuushika kwa mikono yote miwili. Halafu alimwambia Leokadia maneno machache, na Kassian akatafsiri:

"Anasema ulikwenda kupeleleza na kustarehe. Na anauliza kesho filamu inaanza saa ngapi."

* * *

Jumatatu alasiri ukumbi haukuwa na kiti kitupu. Wafanyabiashara walifunga shughuli Shisanhang mapema, wanafunzi walitoroka vipindi, na laoban wa ghala alikuja na mfuko wake wa mbegu za alizeti. Mtaalamu wa Italia, mama wa makamo mwenye nywele za mvi, aliketi mstari wa mbele na mikono imekunjwa mapajani kama mtu aliye kanisani. Bwana Liang aliketi nyuma yake, amevaa tai.

Mzee Maulid hakutoa hotuba. Alisema, "Bismillahi, Kassian, washa," akakaa.

*Glovu za Kijivu* haikuwa na rangi ya kufa. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, na nyeusi yake ilikuwa nzito kama makaa, nyeupe yake ikimeta kwenye shingo ya mwanamke aliyekuwa akifunga mkufu mbele ya kioo. Nyuma yake, ndani ya kioo, mlango ulianza kufunguka. Mama wa Italia aliweka mkono mdomoni. Laoban akaacha kutafuna.

Filamu iliwachukua. Kulikuwa na daktari aliyetabasamu kupita kiasi, na mpiga kinanda kipofu, na mke aliyebusu wanaume wawili na kumtazama wa tatu. Kila busu lilileta hatari karibu zaidi. Ilipofika mkanda wa nne Leokadia alimwinamia Mzee Maulid.

"Ni daktari," alinong'ona. "Viatu vyake vina matope."

"Tazama," alisema mzee.

Mikanda ilibadilika bila mtu kusikia, kwa utulivu wa mikono ya Kassian. Kwenye ule wa mwisho, muuaji alivua glovu zake mbele ya dirisha, moja, halafu ya pili, na kamera ikapanda taratibu mpaka usoni. Alikuwa mpiga kinanda. Macho yake yalikuwa mazima, na yalimtazama kila mtu ukumbini.

Sauti ilipita kwenye viti kama upepo. Leokadia, aliyekuwa hajakosea mshukiwa tangu afike Guangzhou, alicheka kwa nguvu mpaka Bwana Liang akageuka, kidole mdomoni, kumnyamazisha.

Taa ziliwaka. Makofi yalianza mbele, kwa mama wa Italia, yakapanda mpaka dirisha la projekta, na watu wote wakasimama na kugeuka kumtazama Kassian, ambaye alitoa kichwa dirishani asijue aweke wapi mikono. Mama yule alimfuata Mzee Maulid, akamshika mabega, akazungumza Kitaliano kirefu ambacho hakuna aliyekielewa, kisha akakumbuka na kusema kwa Kiingereza neno moja: tena.

"Anataka irudiwe," alisema Leokadia.

Mzee Maulid aliwatazama watu. Hakuna aliyekuwa anaelekea mlangoni. Alimwinulia Kassian mkono, lakini Kassian alikuwa ameshaushika mkanda wa kwanza, na Leokadia alivuta kiti chake kikasogea mbele.